Meno ya Mama Mkwe

Mume wangu anasaga meno, tena analipwa mshahara. Ukimwambia mtu hivyo kwa mara ya kwanza anakuonea huruma, anadhani nyumbani kwenu hakukaliki. Kwetu kunakalika. Yeye ni fundi wa maabara ya meno, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Fremu za meno ya bandia zinamiminwa kwenye kalibu, zinatoka zikiwa na mikia na magamba, na yeye anazisaga na kuzing'arisha mpaka mtu aweze kuzitia kinywani na kuzisahau. Hakuna aliyewahi kupanda ngazi zile kuja kumshukuru. Wanaopanda ni wenye malalamiko, na wachache waliokosea mlango wakitafuta magodoro.

Kazini wanamwita Taratibu. Nyumbani ni Baba Pacha, maana Mungu alitupa wawili kwa mpigo, nao walichelewa kuzaliwa hadi daktari akaanza kuniuliza kama nina uhakika na hesabu zangu. Walimfuata baba yao. Mimi nina duka la fotokopi. Mtu anaingia, anataka nakala, anaipata, anatoka. Nikirudi nyumbani namkuta mtu anayemenya chungwa kana kwamba chungwa lina haki zake, na hapo ndipo ndoa yetu inapopimwa.

Lakini nikiwa mkweli, upole ule ndio ulaji wetu. Pale maabara wapo wanaosaga madini ya kawaida, yale magumu mazito, na yuko yeye peke yake wa titani. Madini mengine, anasema, yanakuvumilia. Titani haivumilii. Ukiibonyeza inapata joto, na lile joto halisambai, linabaki palepale kama kinyongo, na pale pale inaharibika. Kwa hiyo mashine inazungushwa polepole, mkono unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Inatoa cheche nyeupe. Vumbi lake linaweza kushika moto, ndiyo maana bomba la kuvuta vumbi linanguruma mbele ya pua yake kutwa nzima. Akimaliza kusaga haing'arishi papo hapo, anaiweka pembeni ipumzike. Nilimwuliza inapumzika kwa kazi gani, ilhali aliyefanya kazi ni yeye. Akasema inajivika ngozi mpya kwa hewa tu, bila kusaidiwa na mtu. Nilitamani nami niwe titani.

Tena kuna sharti moja ambalo halina mjadala. Vichwa vya kusagia, vile vidogo vyenye meno vinavyochomekwa kwenye mashine, vikishagusa madini mengine havigusi titani tena. Titani inanata. Chembe za madini mengine zinazama ndani yake na kuosha hakuzitoi. Vichwa vyake anavitunza kwenye kopo la peremende lenye kifuniko, na kila kimoja amekipaka mkiani tone la rangi nyekundu ya kucha ili kisichanganyike na vya wenzake. Rangi yenyewe ni yangu. Hakuniomba.

Sasa tuje kwa mama yangu, ambaye tunaishi naye. Huyu miaka yote alikuwa mpokea simu wa kiwanda cha saruji, na watu walikuwa wakipiga kuulizia saruji wanaishia kumweleza shida za ndoa zao. Mdomo wake ulikuwa kazi yake na starehe yake. Meno yalipoanza kumtoka moja moja alitengenezewa fremu, chuma chembamba kilichobeba meno ya juu, na haikupita muda kinywa kikaanza kumuwaka moto. Akarudi kwa daktari wa meno aliyempa. Daktari akamwangalia harakaharaka, akasema, "Ni ugeni tu, mama, utazoea. Na mengine ni mawazo."

Neno hilo lilienea katika ukoo kuliko mafua. Kaka yangu akalisema kwenye simu. Mama mdogo akalisema uso kwa uso, tena akaongeza kuwa dada yake tangu utotoni alikuwa anapenda kudekezwa. Na mimi, kila Mama alipoitoa fremu mezani, nilimwambia, "Mama, jikaze kidogo."

Akajikaza. Kujikaza kulipomshinda akaivua, akaitia ndani ya soksi, akaitupa chini ya kitanda. Tangu hapo akawa anaongea na upindo wa mtandio mdomoni, halafu akawa haongei. Chakula akawa analetewa chumbani. Uji, supu, uji. Gauni zikaanza kumpwaya mabegani. Wageni wakija anajifanya amelala, na mimi najua halali, kwa sababu mama yangu akilala anakoroma. Niliumia sana. Mtu unaweza kumzoea mama anayekugombeza, lakini mama aliyenyamaza hazoeleki.

Ndipo tukampata daktari mwingine, binti mdogo tu, ambaye kabla hata ya kumwambia afungue kinywa alimtazama masikio.

"Hereni zinakuwasha, mama?"

"Tangu usichana. Nikivaa za bei ndogo yanatoa maji."

"Basi huenda ni nikeli. Imo kwenye hereni, na imo kwenye hiyo fremu yako. Tukutengenezee ya titani."

Mama alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akatuita sote mlangoni. "Nitaijaribu hii," alisema nyuma ya mtandio. "Ikiniunguza na hii, msiniletee chuma mdomoni tena. Nitakunywa uji mpaka siku yangu ifike, na mtu asinijie na maneno." Mama yangu akisema hivyo huwa amemaliza. Kiwanda kizima cha saruji kililijua hilo.

Kazi ya titani ikitoka kwa daktari yeyote wa upande huu wa mji inaangukia meza moja. Ndivyo mume wangu alivyoletewa kinywa cha mama mkwe wake, kimenakiliwa kwa plasta ya jasi, paa na ufizi na mapengo yote.

Baba Pacha ni mtu anayemheshimu mama yangu kiasi kwamba wakikutana kwenye korido mmoja anarudi alikotoka, na huyo mmoja ni yeye. Sasa alitakiwa kumkodolea macho ndani ya kinywa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilimpelekea miwani aliyoisahau, nikakuta ile plasta imefunikwa kitambaa safi cha mkononi.

"Kwa nini umeifunika?"

"Nakula," alisema.

Meza ya pili anakaa jamaa wanayemwita Chuma, kwa sababu ya madini anayosaga na kwa sababu ya mwili. Huyo kila asubuhi alikuwa anaiinamia ile plasta na kuiamkia, "Shikamoo, mama mkwe." Mume wangu hakucheka hata siku moja. Chuma alicheka kwa niaba ya wote wawili.

Fremu ilikuwa nzuri, hata mimi ambaye sijui kitu niliiona. Eksirei haikuonyesha tundu ndani yake. Alilitoa gamba lote, akazichonga kulabu mbili za kushika meno yaliyobaki, akaisaga ile sehemu ya kulala kwenye paa la kinywa mpaka ikawa nyembamba kama ganda la yai. Ilikuwa nyepesi hata nikiiweka kiganjani inabidi niangalie kama bado ipo. Daktari akapanga tarehe. Mama, kwa mara ya kwanza, aliuliza kutoka chumbani ni siku gani leo.

Jioni iliyofuata mume wangu alirudi na fremu mfukoni, imefungwa kwenye kile kitambaa, akakaa mezani akakitazama chakula bila kukigusa. Nikajua kuna jambo. Huyu bwana huchelewa katika yote isipokuwa kula.

"Kuna kichwa hakina rangi," alisema.

"Kichwa gani?"

Alieleza. Alikuwa anafuta vichwa vyake na kuvirudisha kwenye kopo, akakuta kimoja hakina tone la rangi ya kucha. Akamwuliza Chuma. Chuma akajibu kwa furaha kabisa: aliona kichwa kimoja cha mwenzake kimechakaa, na kwa kuwa kazi ni ya mama mkwe akaona amtilie cha kwake kilicho kikali, zawadi, tena alikiosha kwa sabuni. Kilikuwa kinasaga madini yenye nikeli. Na mume wangu alikuwa amekitumia upande wote wa ndani, kulabu pamoja na ile sehemu ya kulala kwenye paa la kinywa.

"Chuma amesemaje?"

"Amekaa chini. Hajamwamkia mtu tena."

"Basi si uisage tena kidogo, itoke?"

"Nimeipiga kwa mashine ya mchanga, mchanga mpya. Nimesaga hadi pale ninapoweza. Nikizidisha itatoboka." Alikisogeza kile kitambaa katikati ya meza. "Huenda imetoka yote. Huenda imebaki. Kwa macho haionekani."

"Kuimimina upya je?"

"Mashine ya kumimina titani si yetu. Tunapangiwa zamu. Ni wiki nyingi."

Nilihesabu gauni za Mama zinazompwaya. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo mtu yeyote wa fotokopi angeyasema. "Baba Pacha, sikiliza. Umesafisha, umepiga mchanga. Mpelekee avae. Ukienda kumtia wasiwasi sasa hivi, hata kama ni safi atasema inamuunguza. Unamjua mama yangu. Nyamaza tu."

"Akivaa ikamuunguza?"

"Haitamuunguza."

"Ikimuunguza," alisema polepole, "mtamwambia ni mawazo."

Akainuka, akachukua fremu, akaelekea kwenye korido. Nikadhani anarudi kazini. Akabisha mlango wa Mama. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akibisha mlango ule. Nilichukua nguo za kufua ambazo zilikuwa zimeshafuliwa, nikasimama nazo karibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Meno yamekuja?"

"Yamekuja, ila siyaamini."

Akamweleza yote. Alimweleza kuhusu gamba, kopo, rangi ya kucha, Chuma, sabuni, mchanga. Hakuruka kitu. Nadhani hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia, ukijumlisha na siku ya posa, ambapo alizungumza mjomba wake. Mwisho akasema, "Kwa hiyo Mama, haya meno yanaweza kukuunguza. Yanaweza pia yasikuunguze. Mimi niliyeyatengeneza sijui."

Nikaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa.

"Rudia hapo," alisema Mama.

"Yanaweza kukuunguza."

"Kwa sababu ya hicho kidude kilichogusa nikeli."

"Ndiyo, Mama."

"Kidude kimegusa tu. Na ile fremu yangu ya kwanza ilikuwa na nikeli yenyewe."

"Ilikuwa nayo, Mama. Mwili mzima."

"Kwa hiyo si mawazo."

"Mawazo hayatoi malengelenge, Mama."

Halafu nikamsikia mama yangu akivuta pumzi, ile ndefu ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Wamenilaza nao mwaka mzima, wananiambia hakuna kunguni. Sasa tufanyeje, mwanangu?"

Hakuwahi kumwita mwanangu. Alikuwa akimwita "huyo".

Mume wangu alikuwa na jibu, na ndilo lililonifanya nidondoshe nguo. Alikuwa amempigia yule daktari binti. Ngozi ya mkono, kama masikio, itasema. Fremu itafungwa kwa plasta ya kubandika upande wa ndani wa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia utafungwa kipande cha mkia uliokatwa kwenye fremu hiyo hiyo, titani ya mmimino mmoja, ambacho amekisaga mwenyewe kwa vichwa vyenye rangi. Vikae siku kadhaa. Daktari alikuwa amesema kipimo cha namna hiyo kipo, ingawa hajawahi kusikia kikifanywa na meno mazima.

Basi mama yangu akavaa meno mkononi.

Aliyemfunga ni mkwewe mwenyewe, uso ameugeuza ukutani, akifunga kwa kupapasa. Mama akavuta mikono ya gauni ikaficha. Siku zile akawa anaoga kwa zamu, kiungo hiki leo, kingine kesho, mikono yote miwili ameiinua kama aliyekamatwa na polisi. Mapacha waliambiwa wasimkimbilie bibi yao kwa kumkumbatia, kwa kuwa atawang'ata. Walitaka kujua atawang'ata na nini. Wakaonyeshwa mkono. Wakaridhika.

Mimi nilikuwa na roho juu. Kila nilipopita nilimwuliza, "Mama, panawasha?" Alinijibu mara zote, "Siongei na wewe mambo ya kuwashwa." Haki yake. Usiku nilimwuliza Baba Pacha anaonaje, akasema titani haiharakishwi, nikageukia upande wangu wa kitanda nikiwa nimefura.

Jumapili asubuhi tulikuwa mezani. Mlango wa chumba cha Mama ukafunguka, na Mama akaja. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akavuta kiti chake ambacho tulikuwa tunakiwekea magazeti, akaiweka mikono yote miwili mezani katikati ya vikombe, viganja juu. Mtandio ulikuwa shingoni. Mdomoni hakukuwa na kitu.

"Fungua," alimwambia mkwewe.

Akafungua wa kulia kwanza. Ngozi ilikuwa ngozi, alama ya plasta tu. Akafungua wa kushoto, na pale, kwenye mkono wa mama yangu, ilikuwepo fremu nzima imechorwa kwa wekundu na vipele: upinde, paa, kulabu mbili. Ungeweza kuitoa fotokopi.

Meno yalikuwa yamekwisha. Wiki nyingi za uji zilikuwa mbele yetu, kama angekubali hata kusikia neno meno. Mume wangu akainamisha kichwa. "Samahani, Mama," alisema, "nimekuunguza."

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anautazama mkono wake kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitutazama sisi watoto wake. Akaugeuzia dirishani. Akaurudisha. Akauinua mbele ya mapacha, halafu mbele yangu, karibu kabisa, mpaka nikaona tundu za vinyweleo.

"Soma," aliniambia.

"Mama..."

"Wewe si mtu wa makaratasi? Soma hapo. Kumeandikwa mawazo?"

"Hakujaandikwa mawazo, Mama."

"Sema kwa sauti, wajukuu wasikie."

Nikasema kwa sauti. Nilitaka kumwomba radhi vizuri, lakini alikuwa ameshanipita, anamgeukia mume wangu. "Na huu wa kulia ni ile ile titani?"

"Ile ile, Mama. Iliyosagwa inavyotakiwa."

"Na haukunifanya kitu."

"Haukukufanya kitu."

"Basi nenda kachukue zamu ya kumimina nyingine. Nitasubiri." Akavuta sahani ya mkate wa mmoja wa mapacha, akachovya kwenye chai, akala kwa ufizi mbele ya kila mtu, akiongea huku anatafuna. Aliongea mpaka chai ikapoa. Mume wangu alikwenda kuleta dawa ya kupaka, akarudi na kichupa na pamba, na Mama akauficha mkono chini ya meza.

"Usinipake."

"Utakuwasha zaidi, Mama."

"Uniwashe. Kesho naupeleka kwa yule daktari wa kwanza. Mkinipaka utafifia, aseme ni mawazo."

Hakukuwa na wa kumzuia. Jumatatu nilifunga duka nikampeleka. Njia nzima aliubeba ule mkono kwa mkono mwingine, kama mtu anayebeba mayai, na mara kwa mara aliinua mkono wa gauni kuangalia kama bado upo. Tulipofika tukaambiwa daktari yule amekwenda likizo. Nilidhani atakufa moyo. Badala yake alitazama lile benchi la kusubiria, watu wamejipanga wameshika mashavu, akaketi katikati yao, akakunja mkono wa gauni, akaanza tangu siku ya kwanza ya fremu.

Aliwaeleza gamba. Aliwaeleza cheche nyeupe. Aliwaeleza kwamba ana mkwe, mtoto mmoja mpole, ambaye angeweza kunyamaza akala mshahara wake, akaja kumbishia hodi akamwambia mimi sijui. Mzee mmoja akaomba kuushika mkono. Mama mmoja akasema na yeye hereni zinamuwasha. Mama yangu akacheka, kinywa wazi, ufizi na mapengo yote nje, mbele ya watu asiowajua, hakuinua mtandio hata kidogo. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimesahau anavyoanzia kifuani.

Nikashindwa kujizuia. Nilisimama pale mlangoni na mkoba wake nikalia kama mtoto, makamasi na yote. Watu wa benchi wakanigeukia, wakanionea huruma, wakasogea. Walidhani jino limenizidi, wakanipisha mbele ya foleni.